Kuchagua Plagini ya Kupunguza Noizi: Mfano wa Video za Usiku Chitete

Noizi ya video ni kuyumba kwa mwanga na rangi kutoka pikseli hadi pikseli na kutoka fremu hadi fremu, pasipo sababu yoyote katika kitu kilichopigwa. Ukutani huonekana kama chembechembe zinazotetemeka, na kwenye vivuli kama mabaka ya kijani na zambarau. Chanzo chake kikubwa ni uhaba wa mwanga. Mwanga hufika kwenye sensa ukiwa fotoni mojamoja, na idadi yake huyumba kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Pikseli iliyopokea fotoni 10,000 huyumba kwa takriban 100, yaani asilimia 1. Iliyopokea 100 huyumba kwa 10, yaani asilimia 10. Kupandisha ISO hakuongezi fotoni hata moja: hukuza picha pamoja na noizi yake.

Harusi au sendofu ya usiku katika mji mdogo kama Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, hukusanya karibu kila kitu kinachoipa plagini tabu. Taa ni chache, mara nyingi balbu za LED zilizotundikwa upande mmoja wa turubai. Bibi harusi amevaa gauni jeupe, na mpiga picha hupima mwanga kwa gauni ili lisiungue. Matokeo yake, nyuso zenye ngozi nyeusi huangukia sehemu ya chini ya kipimo cha mwanga, palepale noizi inapokaa. Juu ya hayo kuna vitenge vyenye michoro midogomidogo na wachezaji wanaotimua vumbi. Kwa hiyo swali la msingi la uchaguzi ni hili: plagini gani itasafisha ukuta na kivuli bila kuufanya uso uwe wa nta na bila kufuta mchoro wa kitenge?

Jibu linategemea namna plagini inavyofanya kazi, na njia kuu ni mbili. Ya kwanza hulinganisha fremu zinazofuatana. Kilicho tuli hubaki palepale, noizi hubadilika, na wastani wa fremu huipunguza: fremu 4 huishusha hadi nusu, fremu 16 hadi robo. Njia hii hulinda undani vizuri, lakini hutegemea utulivu. Mkono unaopunga au mguu unaocheza huacha kivuli nyuma yake ikiwa programu imekosea kukadiria mwendo, na vumbi halisi linaweza kufutwa likidhaniwa kuwa noizi. Njia ya pili hufanya kazi ndani ya fremu moja kwa kusawazisha pikseli zinazofanana zilizo karibu. Haina shida na mwendo, lakini ndiyo inayolainisha ngozi kupita kiasi na kuvuruga vitenge. Plagini nzuri huchanganya njia zote mbili na kumpa mhariri uwezo wa kuzidhibiti kila moja peke yake.

Jambo la pili la kuangalia ni kama mwangaza na rangi vinaweza kutibiwa tofauti. Jicho huvumilia zaidi chembechembe za mwangaza kuliko mabaka ya rangi, na undani wa picha hubebwa zaidi na mwangaza. Kwa uso mweusi uliopigwa gizani, matibabu salama ni kupunguza noizi ya rangi kwa nguvu na ya mwangaza kwa uangalifu. Programu yenye kitufe kimoja tu cha kiwango haimnyimi mhariri matokeo, ila humnyima uamuzi huo.

Kwa vigezo hivyo, programu zinazojulikana hujipanga hivi. DaVinci Resolve ya bure haina zana ya kupunguza noizi ya picha. Zana hiyo imo katika toleo la Studio, linalouzwa dola 295 kwa malipo ya mara moja na pia hutolewa pamoja na baadhi ya kamera za Blackmagic. Ina njia zote mbili, hutenganisha mwangaza na rangi, na tangu toleo la 19 la mwaka 2024 ina pia UltraNR inayotumia akili bandia. Faida yake kubwa ni kwamba hukaa ndani ya nodi, yaani hatua moja ya kazi ya rangi, kwa hiyo uso unaweza kuzungushiwa maski na kupewa matibabu mepesi kuliko ukuta. Neat Video hufanya kazi ndani ya Premiere Pro, After Effects, Final Cut Pro, Resolve na programu nyingine. Yenyewe huanza kwa kusoma sehemu tupu ya picha isiyo na undani, kama ukuta au anga, ili ijue noizi ya kamera ile kwa ISO ile. Huwafaa sana wanaorekodi kwa kamera ileile kila wiki. Denoiser ya Magic Bullet hupatikana kwa kulipia uanachama wa Maxon, gharama isiyokoma. Topaz Video (zamani Topaz Video AI) hufanya kazi pia nje ya programu ya uhariri. Inaweza kuokoa klipu mbovu, lakini huweza kubuni undani usiokuwepo, jambo la hatari kwenye sura za watu. Asiye na bajeti ana FFmpeg na HandBrake, ambazo ni za bure na zina vichujio vya hqdn3d na nlmeans. Kinachokosekana ni maski na udhibiti wa kuona papo hapo. Nakala zilizokrakiwa haziingii kwenye orodha, kwa kuwa mara nyingi hubeba virusi.

Tatizo moja la Chitete hufanana na noizi lakini si noizi. Umeme wa Tanzania ni wa herzi 50, kwa hiyo taa nyingi zinazotumia umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu iliyowekwa kwenye fremu 30 kwa sekunde na shata ya 1/60 hurekodi mistari inayopanda na kushuka. Tiba hupatikana wakati wa kurekodi: fremu 25 na shata ya 1/50 au 1/100. Mistari hiyo ikishaingia kwenye klipu, inahitaji zana ya kuondoa mpepeso, si ya noizi.

Mahali pa plagini katika mnyororo wa kazi huamua nusu ya matokeo. Klipu husafishwa kwanza, rangi hufuata. Kugredi, yaani kurekebisha rangi, huinua vivuli na kuongeza ukolezi wa rangi, na vyote viwili hukuza noizi. Pia hubadilisha tabia yake kiasi kwamba plagini iliyosoma ukuta hapo awali haitambui tena inachokiona. Baada ya kusafisha, klipu za biti 8 huweza kuonyesha ngazi za rangi angani au kwenye pazia. Hapo huongezwa chembechembe kidogo sana mwishoni ili kuzivunja.

Jaribio la haki hufanywa kwa klipu moja ya sekunde 10 yenye uso unaosogea, kitenge na kona yenye giza, kisha kila plagini hupewa klipu hiyohiyo. Hutazamwa ikicheza, kwa ukubwa kamili, kwa sababu fremu iliyosimamishwa huficha vivuli vya mwendo na mtetemeko uliobaki. Muda wa kurenda nao hupimwa, kwani kazi hii hulemea kadi ya michoro kuliko karibu hatua nyingine yoyote. Umeme unapokatika ovyo, ni busara kurenda klipu zilizosafishwa mojamoja, ili kukatika kusipoteze kazi ya usiku mzima.

Kiwango cha mwisho huamuliwa na mahali video itakapotazamwa. WhatsApp hubana faili kwa nguvu na noizi huifanya picha igawanyike vipande vya mraba, kwa hiyo usafishaji wa wastani hulipa. Kwenye runinga kubwa ya ukumbini, noizi kidogo ya mwangaza huonekana ya kawaida, ilhali uso uliolainishwa mno huonekana mara moja.