Goti la Nailoni Lisilo na Komeo

Aliyekatwa mguu juu ya goti anahitaji kiungo kinachokunjika anapotembea na kusimama imara anapokikanyaga. Magoti bandia ya bei nafuu yalikuwa yakimwangusha hapo, tena kumwangusha kwelikweli. Goti la egemeo moja ni bawaba ya mlango: uzito wa mwili ukipita nyuma ya pini, linakunjika na mwenyewe yuko chini.

Mwaka 2008 wanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilivaa tatizo hili pamoja na BMVSS, shirika la Jaipur, India, lililoanzishwa 1975 na linalogawa miguu bandia bure. Magoti ya titani yalikuwepo, ila kwa maelfu ya dola. Wao walilenga dola 20 hivi.

Hawakuvumbua kanuni mpya, na kwangu hiyo ndiyo sifa yao. Walichukua mfumo wa pau nne, uliokuwa ukijulikana siku nyingi. Pau ya mbele na ya nyuma huunganisha kipande cha paja na cha muundi kwa pini nne. Chora mstari kufuata kila pau, uurefushe hadi miwili hiyo ikutane: goti linazungukia nukta hiyo. Mguu ukinyooka, nukta iko juu, nyuma ya njia ya uzito, hivyo kila anapokanyaga goti linabanwa linyooke zaidi. Likianza kukunjika, nukta inashuka na kusogea mbele, na kukunja kunakuwa kwepesi. Mguu nao unafupika kidogo, vidole visikwaruze ardhi. Hakuna komeo wala haidroliki. Kazi yote imebebwa na nafasi kati ya matundu manne.

Kilichobaki ni malighafi: nailoni yenye mafuta ndani yake, inayojilainisha pini zinapoisugua. Haishiki kutu, haidai grisi. Jarida la Time likaliweka goti hilo kati ya uvumbuzi bora wa 2009.

Sifa hazikumaliza kazi. Kuchonga kila kipande kunafaa kwa mamia, si kwa maelfu. Shirika la D-Rev lililolipokea goti hilo lililazimika kulisanifu upya ili plastiki imiminwe kwenye kalibu. Kisha kulikuwa na mlio: goti liligonga “ta!” kila liliponyooka, na nani anataka mguu wake umtangulie kubisha hodi? Toleo jipya likawekewa kizuizi laini cha kupunguza mlio, na umbo likaviringwa lijaze suruali kama goti la kawaida.