Mfereji wa Karura Hausubiri Paybill

Agizo la Shirika la Huduma za Misitu nchini Kenya, KFS, la mwishoni mwa Agosti 2025, kwamba malipo yote ya kuingia msitu wa Karura, Nairobi, yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni wenye Paybill yake, yaani namba ya kulipia kwa simu, lilikuwa kosa la kiufundi kabla halijawa la kisiasa. Siasa yake imeshachambuliwa vya kutosha, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilishaingilia kati na kulisimamisha kwa muda. Mawakili tuwaachie lao. Kilichosahaulika ni zile njia zenyewe, hasa zile zinazopitiwa na baiskeli. Aliyetia saini agizo lile ama hajui njia ya baiskeli hutunzwaje, ama anajua na akaona haidhuru.

Udongo wa Karura ni ule mwekundu wa Nairobi, laini kama unga wakati wa kiangazi na mzito, wenye kunata, ukishalowa. Tairi pana likipita siku ya mvua linaacha mfuo. Mvua inayofuata haikatizi tena njia kuelekea bondeni. Inaingia kwenye mfuo, inashika kasi, inachimba, na baada ya muda mizizi inabaki uchi. Waendesha baiskeli wanaanza kukwepa dimbwi kwa kupita pembeni, wanakanyaga miche, na njia ya mita moja inapanuka ikawa ya mita tatu. Dawa inajulikana na kila mjenzi wa njia duniani: njia ikate ubavu wa mteremko badala ya kushuka nao moja kwa moja, mwinamo wake usizidi nusu ya mwinamo wa kilima chenyewe, ukingo wa chini ulazwe kidogo, na kila baada ya umbali fulani pawe na kibonde cha kutolea maji. Kibonde hicho ndicho roho ya njia, na ndicho kinachoziba kwanza, kwa majani makavu na tope. Kukizibua ni kazi ya mtu mmoja mwenye jembe asubuhi moja, mradi afike kabla ya mvua ya pili. Akichelewa majuma matatu, jembe halitoshi tena: yatahitajika mawe, toroli, kikosi cha vibarua na kibao cha kufunga njia. Sasa tazama agizo lilitoka lini. Mwisho wa Agosti ndio ukingo wa kiangazi, majuma machache kabla ya mvua za vuli, yaani kipindi ambacho msimamizi yeyote makini yuko njiani na vibarua wake. KFS ikachagua kipindi hicho kuipeleka pesa ya geti mbali na jembe. Shilingi ikishaingia kwenye mfumo wa serikali hairudi kwa sababu kibonde kimeziba. Hurudi kwa bajeti, kwa fomu, kwa robo ya mwaka, ikirudi. Mvua haijui robo ya mwaka.

Na huu si msitu uliokuwa ukiendeshwa ovyo. Tangu wananchi wa jumuiya ya Friends of Karura waanze kushirikiana na KFS mwaka 2009, chini ya mpango wa jamii ulioruhusiwa na Sheria ya Misitu ya 2005, uzio ulijengwa, mikaratusi ikapunguzwa ili miti ya asili ipate nafasi, mbega wakarejeshwa kutoka Kipipiri, na makutano ya njia yakawekewa namba. Kazi nzuri, tuendelee. Ila ikumbukwe kwamba msitu wenyewe upo kwa sababu mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa getini Januari 1999, serikali ilipokuwa ikiwagawia wastawishaji ardhi ya msitu huo. Mama yule hakuwa na Paybill. Alikuwa na miche, na alielewa kwamba anayepanda mti ndiye apewe sababu ya kuulinda. Viongozi wetu wa sasa wa mazingira wanapenda kupiga picha wakipanda mche. Kuuliza nani ataumwagilia Jumatatu hawapendi.

Watetezi wa agizo husema hii ni mali ya umma, basi pesa yake ionekane kwenye hesabu za umma. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya kuona na kushika. Serikali inaweza kuona kila risiti ya Karura bila kuishika hata senti. Wakaguzi wapo, na malipo ya simu huacha alama. Isitoshe, eCitizen si mfano bora wa uwazi: Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mwenyewe amehoji udhibiti wake, na zile shilingi hamsini za ziada kwenye malipo zimelalamikiwa na Wakenya mpaka wamechoka. Serikali ilipotaka karo za shule zipitie njia hiyohiyo, Mahakama Kuu ilikataa. Funzo hilo lilikuwa bado moto Agosti ilipofika.

Wengine husema Karura ni bustani ya matajiri wa mitaa jirani ya Muthaiga na Runda, na jamii inayotajwa ni ya watu wenye magari makubwa ya kubebea baiskeli. Kweli, wanaoonekana Jumamosi asubuhi wengi ni hao. Lakini tazama anayeshika jembe Jumanne: maskauti na vibarua wengi hutoka Mji wa Huruma, mtaa wa mabanda uliopakana na msitu, ambako zamani kuni za Karura zilikuwa riziki ya kukata. Mshahara wao hutegemea pesa ya geti kufika mwisho wa mwezi. Ukiichelewesha, tajiri hakosi kitu; atabeba baiskeli yake aende Ngong. Wa Huruma atarudi kwenye shoka.

Kule Wellington, New Zealand, hifadhi ya baiskeli ya Makara Peak iko kwenye ardhi ya halmashauri ya jiji tangu 1998, na wanaochonga njia, kupanda miti ya asili na kutega wanyama waharibifu ni wananchi wa kujitolea. Jiji linamiliki, halmashauri inakagua, na bado aliye karibu na tope ndiye anayeamua lini tope litolewe. KFS ingeweza kudai hivyo hivyo Karura: isome akaunti kila siku, itume mkaguzi bila taarifa, ipewe fungu lake kwa tarehe maalumu, na sehemu ya matengenezo isiguswe na mtu yeyote aliye mbali na geti la Limuru Road. Mapatano ya namna hiyo yangeandikwa Julai, mezani, kabla ya tangazo lolote kutoka.