Sefu ya Zamani Isomwe Kabla ya Kukatwa

Lubumbashi ni mji uliojengwa juu ya mali ya kuhesabiwa: shaba, kobalti, mishahara, hisa. Mji wa namna hiyo haukosi sefu. Nyingi zimebaki katika vyumba vya nyuma vya maduka ya zamani, katika ofisi zilizobadilisha wapangaji, katika nyumba ambazo wenyewe waliondoka na ufunguo mfukoni. Ukuta ukibomolewa, kasha la chuma linajitokeza, na wazo la kwanza ni kumwita fundi wa gesi alikate, kisha chuma kiuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nasema hapana. Kukata ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna kazi ya kusoma, nayo ina mpangilio: nyumba, njia ya reli, mwili wa kasha, kitasa, na bamba la jina mwishoni kabisa.

Nyumba inatoa mpaka wa miaka

Élisabethville, jina la mji huu hadi 1966, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na tanuri la shaba likawashwa mwaka 1911. Nyuma ya kampuni wakaja wafanyabiashara: Wagiriki, Waitalia, Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Kila mmoja alihitaji mahali pa kulaza fedha na hati zake.

Kisha yakaja mawimbi ya kuondoka. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilitangaza kujitenga, na vita vikaendelea hadi Januari 1963. Mwanzoni mwa 1967 mali za Union Minière zilihamia mikononi mwa serikali, na hatimaye zikawa za kampuni ya serikali, Gécamines. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza uzairishaji, na maduka ya wageni yakagawiwa Wazaire. Mwaka 1991 ukaja uporaji mkubwa. Uliza wazee wa mtaa nyumba iliachwa katika wimbi lipi. Kama chumba kilizibwa mwaka 1960, sefu iliyomo haiwezi kuwa ya baada ya hapo. Mpaka huo mmoja unaondoa nusu ya ubishi.

Reli inaeleza asili

Hadi mwisho wa miaka ya 1920, mzigo mzito wa Katanga ulipita zaidi kusini, kwa reli ya Rhodesia na bandari ya Beira. Mwaka 1928 reli ya Bas-Congo–Katanga (BCK) iliunganisha Katanga na Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na kutoka hapo meli za mtoni zilikwenda Kinshasa hadi reli ya Matadi. Mwaka 1931 reli ya Benguela ikafungua njia ya Lobito.

Kwa mchambuzi wa sefu, ramani hii ni ushahidi. Kasha la Milner wa Liverpool au Chubb wa Wolverhampton linaendana vizuri na miaka ya njia ya kusini, wakati pauni na bidhaa za Kiingereza zilienea mjini. Kasha la Fichet wa Paris au Bauche wa Reims linaendana zaidi na miaka ya baadaye, ingawa hakuna kilichozuia kampuni ya Kibelgiji kuagiza kwao tangu mwanzo. Reli inakupa dhana tu. Mwili wa kasha ndio unaoithibitisha au kuikanusha.

Mwili hauwezi kudanganya

Tazama kwanza kingo. Makasha ya kale yaliundwa kwa mabamba yaliyofungwa pamoja kwa vyuma vya pembe na ribiti, na ukipapasa vizuri chini ya rangi utazihisi ribiti hizo. Mwishoni mwa karne ya 19 watengenezaji wa Uingereza walianza kukunja bamba moja kuzunguka kona, ili mwizi asipate mshono wa kupenyeza mtaimbo. Kona za mviringo zisizo na ribiti ni dalili ya kizazi hicho au cha baadaye. Mishono iliyolehemiwa kwa umeme inakuleta ndani ya karne ya 20.

Pili, pima. Chukua vipimo vya nje, kisha unene wa ukuta ikiwa kuna tundu la bawaba au la kufungia sakafuni. Bamba la chuma lenye mita moja ya mraba na unene wa milimita 10 lina uzito wa kilo 78 na nusu. Fanya hesabu ya pande sita, ulinganishe na uzito halisi wa kasha. Tofauti kubwa inakuambia kuna kijazio kati ya kuta mbili.

Kijazio hicho kilikuwa kinga ya moto. Thomas Milner alisajili kinga ya aina hiyo mwaka 1840, na kijazio cha kawaida kikawa shabu iliyochanganywa na unga wa mbao. Zaidi ya 45% ya uzito wa shabu ni maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake. Moto ukipanda, maji yanatoka kama mvuke na karatasi hazifiki joto la kuungua. Ubaya wake ni unyevu: baada ya miongo mingi ya masika ya Katanga, kasha la namna hii linaweza kuwa na ukungu ndani na kutu kwenye makomeo. Kwa hiyo mlango uliogoma si lazima uwe umefungwa kwa siri ngumu. Huenda kutu ndiyo iliyoushika.

Kitasa

Kuna familia tatu za kutambua kwa macho. Ya kwanza ni kitasa cha nyenzo, chenye tundu moja la ufunguo mrefu. Jeremiah Chubb alisajili mwaka 1818 kitasa kinachojikaza mtu akiinua wenzo kupita kiasi, na katika matoleo ya baadaye mwenye ufunguo wa kweli alipaswa kuugeuza upande mwingine kwanza ili kukiachia. Fundi asiyejua hili anaweza kudhani kitasa kimeharibika kumbe kinafanya kazi yake. Kilikuwa na sifa ya kutofunguka hadi Mmarekani Alfred Charles Hobbs alipokifungua mjini London mwaka 1851 kwa muda wa dakika 25 hivi.

Ya pili ni ya Kifaransa: vitufe vinne vyenye herufi juu ya mlango, pamoja na ufunguo. Kama kila kitufe kina herufi 26, michanganyiko ni 456,976. Usianze kuijaribu moja baada ya nyingine. Tafuta kwanza neno la herufi nne katika daftari za duka, nyuma ya droo, au katika jina la mwenye mali.

Ya tatu ni gurudumu la namba la Kimarekani. Katika milango ya benki linaweza kusaidiwa na saa ya kufungia, uvumbuzi ambao James Sargent aliufanya utumike kibiashara katika miaka ya 1870.

Bamba la jina liwe la mwisho

Watu wengi huanza na bamba la shaba, na hapo ndipo hukosea. Wauzaji walibandika majina yao juu ya kazi za wengine, na makasha ya mitumba yalipakwa rangi upya. Ila likilingana na mwili na kitasa, bamba linabana miaka vizuri. "Chubb & Son's Lock and Safe Company Limited" si kabla ya 1882. Jina Chatwood-Milner ni la miaka ya 1950 na baadaye. Fichet na Bauche yakiandikwa pamoja kama kampuni moja, kasha si la kabla ya miaka ya 1960. Namba iliyogongwa kwenye kitasa au pembeni mwa mlango ipigwe picha kabla ya kusugua chochote.

Chumba cha hazina

Ukikuta mlango mzito ulioingia ukutani, huna sefu tena, una chumba cha hazina, na zege ni sehemu ya kinga. Uimara wa vyumba hivi unathibitishwa na Hiroshima: mlango wa kampuni ya Mosler katika benki ya Teikoku ulistahimili bomu la tarehe 6 Agosti 1945, bomu ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe, hapa hapa Haut-Katanga. Mlango wa namna hiyo hausogezwi kwa nyundo. Na mtu asiingie ndani kabla makomeo hayajazuiwa yasiweze kutoka.

Tahadhari ni chache lakini hazina mjadala. Kijazio cha karne ya 20 kinaweza kuwa na asbestosi, hivyo kutoboa bila barakoa na maji ni kujidhuru. Baadhi ya milango ya Kimarekani iliwekewa chupa za gesi ya kutoa machozi. Na kasha la tani moja likilala upande mmoja halimsubiri mtu.

Tumaini la fedha litulizwe mapema. Faranga za zamani zilibadilishwa na sarafu ya zaire mwaka 1967. Noti za zaire 5 na 10 zilifutwa Desemba 1979. Zaire mpya ya 1993 ilichukua nafasi ya zaire milioni 3, na faranga ya Kongo ikafuata mwaka 1998. Chenye thamani ni hati za ardhi, vitabu vya mishahara, barua, na sarafu za Katanga za 1961. Kwa vitu kama hivyo ndivyo historia ya mji huu inavyoandikwa. Mwaka 2000 wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki walianzisha mradi wa kumbukumbu za Lubumbashi, na vitu vya majumbani vya wakazi vikaingia makumbusho.

Ndugu msomaji, ukikuta sefu katika nyumba yako au ya jirani, mwite kwanza mwenye nyumba na mkuu wa mtaa, piga picha, pima, andika namba. Kisha peleka habari kwenye Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi au idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Fundi wa gesi aitwe baada ya hapo, na ikibidi tu.