Thamostati Iking'olewa
Katika gereji nyingi za Kitui na Makueni, gari likichemsha mara ya pili thamostati hung'olewa na kutupwa, na uamuzi huo ni kosa la wazi ambalo hakuna jua la Ukambani linaloweza kulihalalisha. Thamostati ni vali ndogo yenye nta ndani, ambayo hufunga njia ya maji ya kwenda kwenye rejeta mpaka injini ifikie nyuzijoto 82 hivi za Selsiasi, kisha hufunguka kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo gari linapokata barabara ya Kibwezi mchana, vali huwa imekwisha kufunguka. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi za Kijapani vali hiyo ina kisahani kinachoziba njia ya mkato injini ikipata moto, nacho kikiondolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupitia rejeta, hata gari lililojaa abiria likipanda milima ya Mbooni likachemsha kuliko awali. Asubuhi ya Julai, likiwa halina mzigo, injini hiyo hiyo hukawia kupata moto, ikala petroli na kuchafua oili.

Kuzibua rejeta na kubadilisha mipira inayovuja ni kazi njema, lakini hakugusi chanzo cha maradhi.

Chanzo hicho cha kuchemka, kama ilivyokwisha kuelezwa mara nyingi bila kusikizwa, ni maji ya kisima. Visima vingi vya Ukambani vina maji ya chumvi na chokaa: chokaa huganda katika mirija ya rejeta na kuzuia joto lisitoke, nayo chumvi hula alumini. Kulanti nyingi za Kijapani, yaani vimiminiko vya kupozea injini, hulinda alumini kwa fosfeti, kemikali ambayo ikikutana na chokaa hugeuka mashapo, na kwa sababu hiyo kulanti nzito haifai kuzimuliwa kwa maji hayo, bali kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyoondolewa madini. Rangi ya kulanti, iwe kijani au nyekundu, haithibitishi lolote kuhusu kemikali iliyomo.

Kudhibiti joto la injini si jambo jipya: Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na feni iliyojiwasha na kujizima kwa kufuata joto la injini, kwa maana waundaji wake walilitawala joto badala ya kulikimbia. Umahiri huo leo unatupwa pamoja na thamostati. Mwenye gari asilipe kazi kabla thamostati mpya haijarudishwa mahali pake.