Sista Anayejua Kuuliza

Watu wakimsifu muuguzi wa wodi ya watoto husifu mikono yake. Ameupata mshipa wa kitoto cha wiki mbili kwa sindano moja. Amefunga dripu usiku wa manane na haikutoka hadi asubuhi. Sifa hizo ni haki yake. Mimi nataka kusifu kazi inayoitangulia sindano, inayofanywa kwa mdomo na masikio: namna anavyomwomba mama ruhusa.

Mtazame aliyebobea, pale Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Mama ametoka Ganze kwa bodaboda, mtoto anachemka, na usiku kucha hakuna aliyelala. Sista haanzi na fomu. Anavuta kiti, anakaa, macho yao yakalingana. Anamwamkia, anauliza homa ilianza lini, mtoto amenyonya saa ngapi. Akisikia Kiswahili cha mama kinakwama, anahamia Kigiriama, wala hamfanyi ajione mshamba. Hapo ndipo anaeleza: tutatoa damu kiasi cha kijiko kimoja cha chai, itapelekwa maabara kuangaliwa malaria na upungufu wa damu, na atalia kidogo.

Kijiko hicho amekitaja makusudi. Hofu ya damu ni kongwe hapa pwani. Wazee wetu walikua wakitishwa na habari za mumiani, wanyonya damu, na mtu asiyeambiwa kiasi cha damu hujikadiria mwenyewe, tena kwa kuzidisha. Mililita tano hazimwambii mama huyu kitu. Kijiko anakijua, amekorogea chai nacho.

Kisha linakuja swali ninalolipenda kuliko yote. Sista hamwulizi, "Umeelewa?" maana jibu la swali hilo ni "Ee" siku zote, kwa heshima tu. Anamwuliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani hawe wake akitaka kujua mtoto alifanywa nini, utamwambiaje?" Mama anaeleza kwa maneno yake. Anapokosea, sista anajua ni wapi maelezo yake yeye mwenyewe yalipungua, na anarudia pale pale. Swali lenyewe limechaguliwa kwa akili, kwa sababu huyo nyanya ndiye mara nyingi mwenye neno zito kuhusu mjukuu, na kweli atauliza.

Kilifi ufundi huu una mtihani wa ziada. Tangu mwaka 1989, KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome Trust la Uingereza wanaendesha kituo cha utafiti katika eneo la hospitali hiyo. Wodi inayotibu ndiyo inayotafiti. Mama amekuja kutafuta tiba. Sasa kuna mtu anayemwomba jambo jingine juu ya tiba, na ni lazima ayatenganishe mambo hayo mawili waziwazi mbele ya mtu aliyeshikwa na hofu.

Mfano mkubwa ni utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland. Ulifanywa katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, na Kilifi ilikuwa mojawapo. Watoto walikuwa wakifika na homa kali, mikono na miguu baridi, damu haizunguki sawasawa. Miongozo iliyoheshimiwa duniani ilisema watiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Zaidi ya watoto 3,100 walihusishwa. Wengine wakapewa maji hayo ya haraka, wengine matibabu yote isipokuwa hayo. Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Katika saa 48 za kwanza, waliopewa maji ya haraka walikufa wapatao 10 na nusu katika kila 100. Wasiopewa, wapatao 7. Kilichodhaniwa kuwa uokozi kilikuwa kikiua.

Mfikirie sasa mhudumu wa mapokezi ya usiku katika miaka hiyo. Mtoto anahema kwa shida. Kumpa mama huyu kurasa za kusoma ni ukatili. Kwa hali kama hiyo kamati za maadili zilikubali utaratibu wa hatua mbili: mama aombwe kwa maneno machache, mtoto ahudumiwe mara moja, na maelezo kamili pamoja na sahihi yafuate akishatulia. Maneno machache hayo ndiyo mazito. Ilibidi ndani yake liwemo neno ambalo hospitali hulisema kwa nadra: hatujui. Hatujui njia ipi ni bora, ndiyo maana tunalinganisha. Mtu amevuka mito kuja kwa wajuao, nawe umwambie hujui, tena umwambie kwa namna ambayo hatabeba mtoto akakimbia, wala hatadhani unamfanyia mzaha! Dhaifu angejificha nyuma ya koti jeupe. Na matokeo yalipotoka, ilionekana kwamba neno hilo ndilo lililokuwa kweli tupu.

Nje ya hospitali, vijijini kama Junju na Ngerenya, kuna wafanyakazi wa nyanjani wa kituo hicho cha utafiti, wengi wao watoto wa humo humo. Ujirani huo unasaidia, na unabana pia. Utamkatalia vipi kijana wa jirani yako? Mwaka 2015 mtafiti Dorcas Kamuya na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu wa Kilifi wanaokataa kimyakimya, na kichwa chake wakakitoa katika methali yetu: akufukuzaye hakwambii toka. Mama anasema ngoja baba yake arudi. Siku ya kutembelewa ameshukia shambani. Mara nyingine baba kweli anasubiriwa, yuko Mombasa kazini. Mara nyingine huo ndio mlango unaofungwa taratibu. Mjuzi anazitofautisha hali hizo mbili, na akiona ya pili anamrahisishia mwenyeji wake: "Mama, kama hutaki sema tu. Zahanati itakuhudumia vilevile." Kwangu mimi sentensi hiyo ndiyo kilele cha kazi yake, kwa kuwa inamgharimu. Anayeisema amekuja kutafuta "ndiyo."

Wapo wanaosema ridhaa ya maskini si ridhaa, kwa kuwa matibabu mazuri yasiyolipiwa humvuta mtu akubali lolote. Hoja hiyo ina ukweli, na fomu haiwezi kuimaliza. Ndiyo sababu namthamini yule anayebaki kitini baada ya alama ya kidole gumba kupigwa, akasikiliza tena. Lakini kaunti nayo ijue kwamba sista mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku hana dakika za kukaa kitini, hata awe na moyo gani. Akitakiwa awe muungwana, aongezewe wenzake.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka kila mhudumu nchini Kenya amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama zake, pamoja na haki ya kukataa. Amweleze kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Basi ndugu msomaji, uwe Malindi, Mariakani au Kilifi, ukiambiwa tia sahihi hapa, uliza kwanza. Sista anayeijua kazi yake hatakasirika.