Kitabu cha Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle juu ya Shule

Shule nyingi za Kikatoliki zina jina la mtakatifu. Jina linaandikwa juu ya mlango, Misa inaimbwa siku ya sikukuu yake, kisha watu wanarudi katika kalasi kufundisha kama katika shule yoyote. Kwa sababu hiyo inafaa kusoma tena Conduite des écoles chrétiennes, kitabu cha Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, mwanzilishi wa Wafrere wa Shule za Kikristu. Kiliandikwa karibu mwaka 1706, kikapigwa chapa Avignon mwaka 1720, nyuma ya kufa kwake. Mwaka 1950 Papa Pio XII alimweka kuwa msimamizi wa walimu. Wengi wanajua cheo hicho; wachache wanajua kitabu.

Anayetafuta maneno ya juu atachoka upesi. Kitabu kinasema mambo madogo: kuandika majina ya watoto, kuuliza sababu ya mtoto asiyefika, kuamuru kwa ishara pasipo kelele. Hata chakula cha asubuhi kina kanuni: watoto wanakula mkate katika kalasi, na mmoja wao anakusanya katika kikapo mkate wa kugawia maskini. Hapa ndipo nguvu ya kitabu. Mapendo hayabaki katika mahubiri. Yamepewa saa yake, mahali pake, na mtu wa kuyashika.

Jambo la pili ni lugha. Wakati ule desturi ilikuwa kuanza kusoma kwa Kilatini. La Salle akageuza: Kifaransa kwanza, Kilatini nyuma, kwa yule ajuaye kwanza kusoma vema. Mtoto wa fundi ataacha shule upesi na kwenda kazini. Asipofahamu anachosoma, atatoka mikono mitupu. Sisi tunaowakimbiza watoto katika Kifaransa kabla hawajasoma vema Kiswahili, tufikiri.

Lakini si yote ya kusifu. Kitabu kinaruhusu fimbo. Ni kweli kinaiwekea mipaka mingi na kinataka adhabu iwe ya mara chache. Hata hivyo mtu asitafute humo ruhusa ya kupiga watoto leo. Desturi ya wakati siyo utakatifu wa mwandishi.

Hatari nyingine ni kushika kanuni na kuacha chanzo chake. Walimu wa kwanza, aliowapokea nyumbani mwake Reims mwaka 1681, waliogopa njaa ya kesho. Akawaambia wamtegemee Mungu. Wakamjibu kwamba maneno hayo ni mepesi kwa mwenye mali. Mwaka 1683 akaacha cheo chake cha kanoni, kisha akagawa mali yake kwa maskini wakati wa njaa. Pasipo tendo hilo, kanuni zake zingekuwa kazi ya karani tu.

Shule zake zilikuwa za bure. Kwetu Kongo, wazazi walibeba miaka mingi mzigo wa kulipa walimu, mpaka Serikali ilipoanza mwaka 2019 kutekeleza elimu ya msingi ya bure, hata katika shule za Kanisa zilizopatana nayo. Mwalimu anastahili mshahara wake, na Serikali inapaswa kuutoa. Lakini mtoto akifukuzwa kwa ajili ya feza, anapita chini ya jina la mtakatifu lililo juu ya mlango. Wasimamizi wa shule, tumtazame mtoto huyo kwanza, ndipo tupange sikukuu.