Maleba, Mwangaza na Bango: Matini ya Pili katika Tamthilia za Wanafunzi wa Nairobi

Uhakiki wa tamthilia katika vyuo vyetu umezoea kuanzia na kuishia kitabuni. Mhakiki huchambua maudhui, wahusika na lugha, kisha hukunja jamvi. Mandhari, maleba, mwangaza na matangazo huachiwa kamati ya wanafunzi, kana kwamba ni kazi ya mikono isiyohitaji fikra. Makala haya yanashikilia kinyume chake, kwamba mambo hayo manne ni ufasiri wa matini, tena ufasiri ambao hadhira huupokea kabla ya kusikia neno la kwanza la mwigizaji.

Tutazame Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Mapokeo ya vita vya Maji Maji yanasimulia kwamba Kinjeketile alizama majini na kuibuka akiwa na nguo kavu. Hussein, kwa upande wake, anamchora shujaa anayefika mahali pa kuyatilia shaka maneno aliyoyatoa mwenyewe. Mbunifu wa maleba hawezi kukwepa kuamua. Akimtoa mwigizaji na shuka kavu, ameuthibitisha muujiza. Akimtoa ameloa chepechepe, amempunguza akawa binadamu mwenye ndoto. Mshika taa naye aweza kumwibua katika mwanga hafifu usioonyesha kama kitambaa kimelowa au la, na shaka hiyo ikabaki mikononi mwa mtazamaji. Mjadala ambao mhakiki angeuandikia kurasa kadhaa huamuliwa hapo na shuka na taa.

Katika Nairobi suala hili lina historia yake. Ukumbi wa Michezo wa Taifa, unaopakana na Chuo Kikuu cha Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Tarehe 20 Oktoba 1976, siku iliyokuwa ikiadhimishwa kama Sikukuu ya Kenyatta, ulioneshwa humo mchezo wa The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, waliokuwa walimu wa fasihi katika chuo hicho. Mandhari ya mahakama katika mchezo huo yanawatenga Waafrika, waliobanana kwenye mabenchi, na Wazungu waliokaa kwa starehe. Kwa hiyo hukumu imekwisha kusomwa kwa viti kabla hakimu hajafungua kinywa. Tarehe nayo ilikuwa sehemu ya tangazo, kwani kumwalika Mkenya amwone Kimathi siku hiyo ni kumwuliza ni nani hasa anayestahili kukumbukwa. Onyesho lilipomalizika, waigizaji na watazamaji walitoka wakiimba na kucheza hadi barabarani. Mpaka wa jukwaa, ambao jengo lenyewe liliuchora, ulivunjwa na miguu ya watu.

Mkondo mwingine ni ule wa kundi la maigizo ya kusafiri lililoasisiwa katika chuo hicho mwaka 1974, kwa kufuata nyayo za kundi la Makerere la mwaka 1965. Kundi la safari halibebi kuta za mbao wala mitambo ya taa. Linapoigiza mchana uwanjani, halina giza la kutenganishia maonyesho. Wimbo, mwendo na badiliko la vazi hulazimika kufanya kazi ya taa. Hapo mbinu za fasihi simulizi hurejea kwa sababu za kiutendaji, si kwa mapambo.

Hata hivyo, tujihadhari tusiutukuze ufukara. Jerzy Grotowski wa Poland aliposema juu ya jukwaa fukara katika miaka ya 1960, alikuwa amechagua kuvua mapambo ili mwigizaji abaki peke yake. Mwanafunzi anayeazima kanzu ya jirani na kushona pazia kwa magunia hajachagua; amekosa. Mhakiki anayeuita ukosefu huo mtindo humnyima mwanafunzi haki ya kudai nyenzo. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliojenga ukumbi wa wazi mwaka 1977, walitanguliza usanifu: walipanga umbo lake ardhini kwa njiti za kiberiti kabla ya kuujenga. Huo haukuwa ufukara wa fikra.

Kamĩrĩĩthũ pia inatufundisha kuhusu matangazo. Mwaka 1982 kundi hilo lilipofungiwa milango ya Ukumbi wa Taifa, lilihamishia mazoezi ya Maitũ Njugĩra katika ukumbi wa Chuo Kikuu. Watu walifurika kuyatazama mazoezi hayo hadi yalipopigwa marufuku. Mazoezi ya wazi yalikuwa yamegeuka tangazo, kwa kuwa habari ilisafiri kwa midomo ya watu walioyaona. Linganisha na bango la Kiingereza lililobandikwa ndani ya lango la chuo. Abiria wa matatu anayeipita Westlands kuelekea Kangemi na Uthiru hatalisoma, na hata akilisoma, lugha yake imekwisha kumwambia kwamba hakualikwa. Mchezo wa Kiswahili unaotangazwa kwa Kiingereza unajikana mlangoni.

Kuna hasara kubwa katika kuyapuuza haya. Onyesho la wanafunzi huisha kwa usiku chache. Nguo hurudishwa kwa wenyewe, mabango huchanwa, na kinachobaki ni kitabu, ambacho mhakiki wa kesho atakichukua kuwa ndiyo tamthilia yote. Yafaa basi kila idara inayofundisha tamthilia ihifadhi daftari la onyesho: michoro ya mandhari, vipande vya vitambaa, mpango wa taa na nakala ya bango, pamoja na sababu za kila uamuzi. Yafaa pia daftari hilo litahiniwe sawa na insha. Mwanafunzi aliyeamua kama shuka la Kinjeketile liwe kavu au liwe limelowa, na akaweza kuutetea uamuzi wake, amehakiki.